Jumapili za Kukanyaga Breki

Taa ya breki haiangaliwi na mtu mmoja. Huyu anakanyaga, yule anasimama nyuma na kupiga kelele: iko, ama haiko. Nimeendesha malori ya trela miaka thelathini na kitu, na sijaona dereva mwenye shingo ndefu ya kutosha kukanyaga breki huku akijiangalia mkia. Kwa hiyo mke wangu alipoenda America kumsaidia binti yetu aliyejifungua, pamoja na mtu wa kuniambia kola imegeuka, nilipungukiwa pia na mtu wa kusimama nyuma.

Alikuwa aende miezi sita. Hivyo ndivyo cucu wote, nyanya wa huku kwetu, wanavyoenda: miezi sita, mtoto akikaza shingo wanarudi. Nilimpeleka uwanja wa ndege na masanduku mawili, moja likiwa limejaa unga wa uji na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, kana kwamba America hakuna chakula. Akanipungia mkono akiwa upande wa ndani. Miezi sita ikaisha, viza ikaongezwa. Ikaongezwa tena. Halafu siku moja akaniambia, kwa ile sauti ya mtu anayetaja kitu kidogo, kwamba amepata kakazi ka kumtunza mama mmoja mzee siku tatu kwa wiki. Nikamwambia hongera. Ningesema nini?

Karavani tulikuwa tumeinunua kabla hajaondoka. Ilikuwa ya mzungu mmoja aliyekuwa meneja kwenye shamba la kahawa hapa Ruiru. Alipofunga virago kurudi kwao, vitu vyake viliuzwa, watu wakagombania friji na viti vya ngozi, karavani ikabaki imesimama kwenye nyasi na hakuna aliyejua ni ya nini. Mimi nilijua. Tulikuwa na ploti yetu Murera, na huku Gatongora tulikuwa tunapanga nyumba ya vyumba viwili kwenye ploti ya mtu. Mpango ulikuwa tuivute karavani hadi Murera, tuishi ndani yake huku tukijenga polepole, tofali kwa tofali, tukilala kwetu. Mke wangu alicheka sana siku nilipoileta. Akaizunguka, akafungua kabati zote, akakaa kwenye kile kitanda chembamba na kusema, "Haiya, Mzee! Sasa tukikosana nitaenda kulala wapi, kwa bonneti?"

Ahadi yake ilitoka hapo. Kila nilipomuuliza anarudi lini, alinijibu vile vile: "Wewe peleka hiyo karavani Murera. Siku utanionyesha imesimama pale, maji iko, choo iko, mimi siku hiyo hiyo nakata tiketi." Nilimshika kwa neno hilo. Nikachimba choo. Nikaweka uzio wa mabati mbele na ua wa miiba ya kei-apple pande tatu. Wiki ya Pasaka mwaka huu bomba la maji likaunganishwa, nikamtumia picha ya mfereji ukitoa maji yenye udongo. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, taa.

Na kwa taa mke wangu hakuwa na mchezo. Ndugu yake mdogo, wa mwisho kwao, alikufa kwenye barabara ya kwenda Garissa kwa kuingia chini ya trela lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa hata moja. Mimi ndiye niliyeenda kumtambua. Tangu mwaka huo, kila nilipotoka na lori alfajiri, alijifunga leso akatoka nje na kusimama nyuma ya trela kwenye baridi. "Iko kushoto. Iko kulia. Breki iko. Haya, nenda na Mungu." Bila hiyo sikutoka. Na kabla hajapanda ndege aliniapisha: hiyo karavani isiguse lami kama yeye hajaziona taa zote zikiwaka kwa macho yake mwenyewe. Nikaapa. Unajua mtu akishazika ndugu kwa sababu ya taa, huna la kujadiliana naye.

Sasa nieleze hiyo plagi, maana ndiyo iliyonimaliza. Karavani haina umeme wake wa kuwashia taa za barabarani. Inategemea gari linaloivuta. Nyuma ya pikapu yangu kuna soketi, mbele ya karavani kuna waya mnene wenye plagi nyeusi ya pini saba, na kila pini ina kazi yake: indiketa ya kushoto, ya kulia, taa za nyuma, athi inayorudisha umeme, na ile ya waya nyekundu ambayo ndiyo breki. Plagi ni kitu kidogo, kinajaa kiganjani. Lakini ikikataa, unavuta kibanda kipofu, na aliye nyuma yako hajui kama unasimama ama unaenda.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, tena kosa la mapenzi. Mke wangu alipoondoka niliona vumbi jekundu la Gatongora na mvua vitaiharibu ile plagi, basi nikaifunga. Nilikuwa na mfuko wa nailoni niliouficha tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku. Nikauvika plagi, nikakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, duru baada ya duru, mpaka hata mdudu asingepumua. Nikajipongeza. Nikaiacha hivyo mwaka mzima na zaidi. Februari nilipofungua nilitaka kulia. Ndani kulikuwa na maji. Si ya mvua, ni jasho. Nailoni ikipigwa na jua mchana na baridi ya asubuhi inatoa jasho, na jasho halina pa kwenda. Pini zote saba zilikuwa zimevaa ukungu wa kijani, na ile ya waya nyekundu ilikatika mkononi mwangu kama biskuti. Ningeiacha ikining'inia wazi, imeangalia chini, ingekuwa salama. Jirani yangu, anayeniita Guka, yaani babu, alinicheka, akasema, "Guka, umeizika ikiwa hai."

Huyo jirani ni mama wa makamo anayepanga nyumba iliyo karibu na yangu hapo kwenye ploti. Ana saluni barabarani, na Jumapili ndiyo siku yake kubwa, kwa sababu kuna wale wanaosukwa baada ya kanisa ili Jumatatu waende kazini wakiwa watu. Kwa hiyo Jumapili hakuwa anaonekana mpaka giza. Siku zingine aliniletea githeri iliyobaki, mahindi na maharagwe, na kunichokoza. "Guka, ukiendelea kuiosha hivyo hiyo kitu itaolewa kabla yangu." Nilimjibu ovyo, lakini akikosa kupita siku mbili niliona siku ni ndefu.

Nilienda Thika kutafuta plagi mpya. Nilizunguka maduka ya spea, nikatoka kwa huyu nikaingia kwa yule, na wote walinionyesha ya trela la lori, ambayo mdomo wake ni mwingine. Wa mwisho alikuwa nayo, chini ya sanduku, imefunikwa na vumbi. Nikarudi nayo Ruiru kama niliyebeba yai. Nikaiunga mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya karavani, waya baada ya waya. Nikakaza skrubu, nikaangalia kwamba hakuna unyuzi uliotoka nje na kumgusa mwenzake, na ile klipu ya kubana waya nikaibana kisawasawa, ili mtu akivuta asing'oe waya kwenye skrubu. Halafu soketi ya pikapu. Hiyo nayo niliikuta nyigu wamejenga ndani yake nyumba ya udongo ya vyumba vinne. Nikaibomoa kwa kijiti cha kiberiti, nikapitisha mswaki wa zamani na msasa laini, nikapaka grisi kidogo, kidogo sana, kwa sababu grisi nyingi hukusanya mchanga.

Jumapili ya kwanza ya majaribio niliweka stuli nyuma ya karavani. Juu yake nikaweka tofali, simu nikaiegemeza hapo, vidio ikiwa wazi imeangalia taa, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Kwangu ilikuwa saa kumi na moja jioni, kwake asubuhi. Niliona uso wake mara moja, akiwa na kikombe cha chai na mjukuu begani, halafu nikakimbia kwenye pikapu.

"Indiketa kushoto!" nikapiga kelele.

"Iko!"

"Kulia!"

"Iko!"

"Breki!"

"Haiko, Mzee."

Na kweli siku hiyo haikuwa. Nilishuka nikabana pedali kwa kigingi, nikaenda nyuma nikaona mwenyewe: giza. Skrubu ya waya nyekundu nilikuwa nimebana juu ya plastiki badala ya shaba, kosa la macho ya uzee. Nilifurahi, usishangae. Nilikuwa nimekaa miezi mingi bila mtu wa kuniambia haiko. Tulicheka, akanitania kwamba nimeanza kuwa mzee wa kweli, nikamwambia arudi aniongoze, akasema, "Tengeneza kwanza."

Nikatengeneza. Ikafika Pasaka, mfereji wa Murera ukitoa maji. Nikaweka stuli, tofali, simu. Nikakanyaga. "Haiko," akasema.

Nikafungua plagi tena. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Nikagusa pini kwa taa yangu ya kujaribia, umeme upo. Nikabana pedali kwa kigingi, nikaenda nyuma: zinawaka, nyekundu, zote mbili, kwa raha zao. Nikasema labda ni netwaki. Unajua inavyochelewa. Unakanyaga, picha inafika America ikiwa imechoka, anasema haiko juu ya breki ambayo umeshaiachilia. Jumapili iliyofuata nikakanyaga na kuhesabu polepole mpaka ishirini ndipo nikaachilia.

"Haiko, Mzee. Bado."

Hapo nikaingiwa na baridi, kwa sababu niliujua ugonjwa huo. Waya iliyokufa si kitu, unaitafuta unaipata. Mbaya ni ile inayokatika na kurudi, inayowaka ukiiangalia na kuzima ukigeuka. Trela lenye ugonjwa huo hulipeleki barabarani, hata kama limewaka mara kumi, kwa sababu ya kumi na moja ndiyo inayozika watu. Nikasema basi, pini imelegea. Zile pini zina mpasuko katikati, na zikitumika sana mpasuko unajifunga na hazishiki vizuri. Nikatia ncha ya kisu, nikazipanua kidogo moja moja, nikiomba zisivunjike. Jumapili: haiko. Nikabadilisha soketi. Haiko. Nikasugua athi mpaka chuma kikang'aa. Haiko. Nikavuta waya nyekundu mpya kutoka mwanzo hadi mwisho, nikilala chali chini ya karavani, mchwa wakiniingia kwenye sikio. Haiko.

Mei ikaisha, Juni na ile baridi yake ya kuuma vidole, Julai. Siku za kazi niliishi kwa ajili ya plagi. Ninaamka, ninachemsha chai ya mtu mmoja, ambayo haijawahi kutosha wala kupungua vizuri, ninatoka na mswaki wangu. Nilishaacha nailoni. Niliivika plagi kitambaa cha pamba kilichokuwa leso yake, nikaining'iniza kwenye msumari ikiangalia chini, waya usiguse ardhi. Alhamisi nilijaribu kwa kigingi: inawaka. Ijumaa: inawaka. Jumamosi niliosha pikapu. Jumapili nilienda kanisani, nikakaa kwenye benchi la wazee, nikaomba Mungu, na sisemi hili kwa mzaha, niliomba Mungu juu ya pini namba sita, ile ya breki. Jioni ninaweka stuli.

Utaniuliza, kwani huna macho? Zilikuwa zinawaka mbele yako siku tano kwa wiki. Ndiyo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa amezika ndugu. Yeye ndiye aliyesimama kwenye baridi miaka hiyo yote na hakuwahi kukosea, hata siku moja. Kati ya macho yangu na mdomo wake niliamini mdomo wake. Tena nikwambie ukweli wote, nilianza kuipenda ile haiko. Ilikuwa na maana kwamba Jumapili ijayo tuna kazi ya kufanya pamoja. Mambo mengine yalikuwa yanatuishia. Akinieleza kuhusu theluji, nilisema aha. Nikimweleza kuhusu mwenye ploti na takataka, alisema aha. Lakini nikipiga kelele "breki!" tulikuwa mtu na mkewe.

Jumapili yenyewe ilikuwa Novemba, mvua fupi zimeanza, mawingu yamekaa chini na kukawa na mwanga ule mzuri wa kuangalia taa. Umeme ulikuwa umepotea upande wa barabarani, kwa hiyo jirani alifunga saluni mapema na kurudi. Sikujua kwamba amerudi. Nilikuwa ndani ya pikapu, dirisha wazi, na yeye akaja na beseni lake kuanua nguo kabla ya mvua. Kamba yake imepita nyuma kabisa ya karavani.

"Breki!" nikapiga kelele. Nikakanyaga. Nikaanza kuhesabu.

"Haiko, Mzee," simu ikasema kutoka kwenye stuli.

"Ai!" Hiyo ilikuwa sauti ya jirani, akimwambia nyanya wa kwenye simu. "Iko, Shosho! Ziko zote mbili! Zinawaka mpaka zinanichoma macho! Shosho, unaniona? Angalia vizuri, si hizi hapa?"

Jirani akageukia upande wangu.

"Guka, kanyaga tena!" Nikaachilia, nikakanyaga. "Iko! Achilia! Kanyaga! Iko! Kwani huko America mnaonanga rangi gani?"

Alikuwa anacheka, maskini, hakuwa na neno. Nilishuka. Nilipofika nyuma nilimkuta ameacha kucheka, ameshika shuka lenye maji kifuani, anaangalia simu. Mimi pia nikaangalia. Mke wangu alikuwa amejifunika macho kwa mkono. Netwaki ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Nyuma yake niliona dirisha, na nje ya dirisha mti usio na jani hata moja. Jirani akasema, "Wacha niingize nguo," akaenda na kufunga mlango wake polepole.

Nikaichukua simu. "Umesema haiko," nikamwambia.

"Mzee."

"Ilikuwa inawaka na umesema haiko."

"Mzee, kaa chini kwanza."

"Siketi! Nimelala chini ya hii kitu mwaka mzima, mchwa wamenila, siketi! Ulisema siku itafika Murera unakata tiketi!"

"Ndiyo nilisema," akaniambia. "Nilisema kabla hujachimba choo. Sikujua utachimba haraka hivyo."

Nilikaa. Nilikaa kwenye matope. Akaanza kuzungumza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa anasema aha. Aliniambia hataki kurudi. Si kwamba hataki kuniona. Hataki kurudi. Yule mama mzee anayemtunza humuita jina lake la kuzaliwa, na yeye mwenyewe ana chumba chake chenye ufunguo, na mjukuu hawezi kulala bila yeye. "Wewe ulikuwa barabarani miaka thelathini," akasema. "Nililea watoto nikikungoja. Nikisikia lori usiku nasema ni yeye, kumbe si wewe. Sasa nije nikae kwa sanduku Murera, nikingoja tena, mara hii tofali? Mzee, nimechoka kungoja. Nisamehe. Nimechoka."

"Ungeniambia."

"Nilijaribu. Kila Jumapili najaribu. Halafu nakuona umeweka hiyo stuli yako, umechana nywele. Nilifikiri utachoka. Nilifikiri siku moja utasema, hii kitu imenishinda, tuiuze. Halafu tungeongea mengine."

"Mimi sichokangi!"

"Najua," akasema. "Hiyo nilisahau."

Hasira ilinipanda hapo mpaka nikaona nyota. Nilimwambia maneno ambayo mtu wa kanisa hapaswi kusema, na moja ninalijutia mpaka leo. Nilimwambia amemchukua ndugu yake kaburini akanifunga naye kamba. Alilia kwa sauti, kilio kile kile cha siku ya mazishi, na kwa nyuma nikasikia mtoto naye ameanza. Binti yetu akatokea, akaniangalia, akamwangalia mamake, akamchukua mtoto na kutoka bila kunisalimia. Alijua. Wote walijua. Ni mimi tu na mswaki wangu tuliokuwa hatujui.

Mvua ilianza kudondoka, matone makubwa yaliyotengana. Nikafikiria kuikata simu, na kidole kikakataa, kwa sababu nikishaikata sijui Jumapili ijayo nitaipiga kwa sababu gani. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko lile la tiketi.

"Ngoja," nikamwambia. "Usikate."

Nikairudisha simu kwenye stuli, nikaiegemeza kwenye tofali, nikaifunika juu kwa kofia yangu isilowe. Nikatembea mpaka kwenye pikapu. Suruali ilikuwa imejaa matope nyuma, na nilijua jirani yuko dirishani. Nikaingia, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

"Angalia!" nikapiga kelele. "Angalia uniambie ukweli, mara moja tu!"

Nilihesabu. Moja, mbili, tatu. Mvua ilikuwa inapiga bati la karavani.

"Iko!" akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, lakini ilinifikia. "Iko, Mzee. Kushoto iko na kulia iko."

"Tangu lini?"

Safari hii ilichukua muda, na haikuwa netwaki.

"Tangu Pasaka," mke wangu akapiga kelele kutoka America, ploti nzima ikisikia. "Siku hiyo iliwaka vizuri sana. Nilifungua mdomo niseme iko, na mdomo ukasema haiko."

Sikuachilia. Nilikaa nimekanyaga mpaka simu ikaisha chaji.